Jiko na Theluji: Waswahili Wenye Nyumba Minnesota

Katika vitongoji vya kaskazini ya Minneapolis, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, ambako Wakenya wamekaa kwa wingi hata mwaka 2024 mmoja wao, Huldah Momanyi Hiltsley, akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuipata daraja hiyo, si ajabu tena kumkuta mtu wa Kisii, wa Mombasa au wa Bukavu akiishi katika nyumba ambayo hati yake imeandikwa kwa jina lake mwenyewe. Aghalabu mtu huyo amekaa miaka katika vyumba vya kupanga, ambamo joto la majira ya baridi lilikuwa hesabu ya mwenye jengo, na bomba likipasuka fadhaa ilikuwa ya mtu mwingine. Kisha, baada ya kudunduliza mshahara wa zamu za usiku na kutia saini makaratasi yasiyo na idadi, hukabidhiwa funguo. Nyumba nyingi za nchi ile huuzwa kuanzia majira ya machipuko hadi kiangazi, wakati nyasi ni mbichi, madirisha yako wazi, na dalali anamzungusha mnunuzi sebuleni na bustanini kwa maneno laini. Kwa hiyo mnunuzi huona rangi ya kuta, hupima upana wa gereji kwa macho, huhesabu vyumba vya kulala, akarudi kwake akidhani kwamba ameiona nyumba, ilhali nyumba ya Minnesota haionekani ila mwezi wa Januari.

Jimbo hilo liko katikati ya bara kubwa, mbali na bahari yoyote ya kulituliza, na upepo wa ncha ya kaskazini hulifikia bila ya mlima wa kuuzuia. Tarehe 2 Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri kwa hesabu ya Selsiasi. Na tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis yenyewe iliamka katika nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, na hata barua hazikupelekwa majumbani. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu na saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu alasiri, hata mfanyakazi wa mchana huondoka gizani na kurudi gizani, na nyumba yake huijua kwa taa tu. Ardhi nayo huganda. Ndiyo maana sheria ya ujenzi ya jimbo huamuru misingi ishuke inchi 42 katika wilaya za kusini na inchi 60 katika zile za kaskazini, yaani mita moja na nusu na ushei, ili barafu ya udongoni isiuinue ukuta. Na kwa kuwa shimo limekwisha kuchimbwa, wajenzi huligeuza kuwa chumba cha chini, ambamo tanuri la gesi hukaa likivuma usiku kucha na kusukuma hewa ya moto juu katika njia zake za bati.

Katika mambo ya tanuri hilo, ya mabomba na ya theluji, mwenye nyumba mpya hakosi wa kumfunza: jirani yupo, na fundi yupo. Asiloambiwa na mtu ni habari ya jiko lake, maana wenyeji hawapiki kama apikavyo yeye, na majumba yao hayakukadiriwa kwa mapishi yake. Wazee wetu wa pwani walijua mahali pa kuuweka moto. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ushoroba katikati na vyumba kando, jiko liko uani, nyuma kabisa. Na katika majumba ya mawe ya Lamu jiko lilipandishwa juu kabisa, ili moshi na harufu vichukuliwe na upepo, ukiwa wa kusi au wa kaskazi, visiteremke vyumbani. Chumba cha kulala hakikupata kujua kilichopikwa. Nyumba ya Minnesota ni kinyume cha hayo: jiko limo tumboni mwake, mara nyingi limeungana na sebule bila ya ukuta, na kila ufa umezibwa ili joto lililonunuliwa kwa fedha lisipotee. Kila kitokacho katika sufuria, kiwe mvuke, moshi, mafuta au harufu ya kitunguu saumu, hubaki ndani pamoja na watu. Kwa rai yangu hili ndilo somo kubwa la mwaka wa kwanza, na taabu nyingine nyingi za baridi zina mzizi wake hapo.

Tuanze na mvuke. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi: katika nyuzi 20 chini ya sifuri mita moja ya ujazo wa hewa haibebi zaidi ya gramu moja hivi ya mvuke, ambapo katika nyuzi 20 za joto hewa kadiri ile ile huweza kubeba gramu 17. Hewa ya nje ikiingia ndani na kutiwa moto pasipo kuongezwa maji, huwa kavu kama ya jangwani: midomo hupasuka, mbao za sakafu huachana, watoto hutoka damu ya pua, na mwenye kugusa kitasa cha mlango hupigwa na cheche ya umeme. Basi katika siku za mwanzo chungu cha maharage kinachotokota tangu asubuhi ni rehema, na mpishi huona fahari kwamba anailisha nyumba pamoja na watu wake. Lakini rehema hiyo ina mpaka. Mvuke ukizidi hutafuta mahali palipo baridi kuliko pote, napo ni kioo cha dirisha. Hapo hugeuka maji, maji yakateremka hadi kizingitini, yakaganda usiku, na muda si mrefu mbao zikaota ukungu mweusi ambao hautoki kwa kusuguliwa. Nimeingia nyumba ambamo kongoro lilichemshwa mchana kutwa bila ya kifuniko, nikakuta barafu imeshika vioo kwa ndani, na watoto wanaichora kwa kucha kwa furaha kubwa, hawana habari ya gharama. Kanuni ya huko ni kwamba kadiri baridi ya nje inavyozidi, ndivyo unyevu wa ndani upunguzwe. Kwa hiyo mpishi mwenye tadbiri hufunika sufuria, huyapika maharage katika sufuria ya presha, na huwasha feni ya juu ya jiko kabla ya maji kuchemka, si baada ya vioo kulia.

Feni hiyo nayo ina hadaa yake. Katika nyumba nyingi haitoi kitu nje: huvuta moshi, huupitisha katika kichujio, kisha huurudisha sebuleni umepungukiwa na mafuta kidogo tu, na mvuke ni ule ule. Katika nyumba nyingine, na hii ni balaa zaidi, fundi wa zamani aliishia kuielekeza darini, chini ya paa, mahali ambapo mvuke wa mbaazi za nazi huganda juu ya misumari na mbao wakati wote wa baridi, na siku joto linaporejea hudondoka juu ya dari hata mwenye nyumba akadhani paa linavuja. Feni ya kweli ina bomba lenye mlango wake ukutani au juu ya paa, na kuijua si kazi: mmoja huiwasha, mwingine husimama nje, naye huona mlango huo ukifunguka na pumzi ya nyumba ikitoka nyeupe.

Kisha moshi. Chapati haziivi kwa moto wa woga, na samaki asiyekaangwa kwa mafuta yaliyoshika joto hanyonyi ila aibu. Lakini moto huo, katika nyumba iliyofungwa, huiamsha kengele ya moshi iliyo darini, nayo hulia kwa sauti ya kumtoa maiti kaburini, wageni wakiwa mezani. Wako watu ambao, kwa kuchoka na fedheha hiyo, huiondolea betri wakasema wanajirudishia amani. Hao sina la kuwatetea. Kengele husogezwa mbali kidogo na jiko, feni huwashwa, dirisha moja hufunguliwa upana wa vidole viwili kwa muda wa kukaanga, na joto linalopotea kwa dirisha hilo ni dogo kuliko watu wanavyohofu.

Hewa iuayo kwa kweli haina harufu wala haionekani, nayo ni kaboni monoksidi. Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe na kengele ya kuitambua, isipite futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, yaani kama mita tatu. Kwetu kila mwaka, katika baridi ya Juni na Julai ya nyanda za juu za Kenya, husikiwa habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Na desturi hiyo huweza kusafiri na mtu hadi ng’ambo. Bibi aliye Kisauni, huko Mombasa, akiwaona kwa simu wajukuu wamevaa sweta ndani ya nyumba, huona huruma, akasema, “Mwanangu, huna hata kijiko kidogo cha makaa ukawawekea wajukuu zangu hapo chumbani?” Na mwana hana budi kujibu kwa adabu, “La, mama, huku makaa ndani ya nyumba ni mauti.” Wala makaa hayo hayafai kuwashwa gerejini: gereji si nje, hata mlango wake mkubwa ukiwa wazi. Na hata asiyewasha mkaa ana wajibu mmoja kila baada ya tufani ya theluji, nao ni kwenda ubavuni mwa nyumba kutazama bomba la kutolea moshi wa tanuri, ambalo katika matanuri ya kisasa hutokea ukutani, karibu na ardhi, na theluji ya usiku mmoja yaweza kulifukia.

Watu wa pwani watauliza, je, wali wa nazi utapaliwa vipi pasipo makaa ya juu ya kifuniko? Jibu ni oveni. Wali ukikaribia kukauka, hufunikwa vizuri, sufuria isiyo na mpini wa plastiki ikatiwa katika oveni ya nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika ishirini, nao hushuka punje mbali mbali, umepata joto la juu na la chini kwa sawa. Na pilau hivyo hivyo. Mimi nasema bila ya haya kwamba mkate wa kumimina wa oveni, ukimiminwa katika chombo kilichokwisha kupata moto na kupakwa samli, haukosi kitu isipokuwa ile harufu ya moshi. Katika kiangazi kuwasha oveni ni israfu na adhabu. Katika Januari joto lake lote hubaki ndani ya nyumba, na mlo hubadilika kwa kufuata hesabu hiyo: hurejea supu ya mifupa, mbaazi, mihogo ya nazi, viazi vitamu vya kuoka, na uji wa asubuhi wenye pilipili manga na tangawizi, ambao watoto waliukataa mwezi wa Agosti.

Baridi huyageuza hata mambo madogo ya kabatini. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, nazo themostati za huko huwekwa kama nyuzi 20. Kwa hiyo chupa ambayo Mombasa ilikuwa maji mwaka mzima, Minnesota ni jiwe jeupe, na si kwamba muuzaji ameghushi. Unga wa mahamri, uliotiwa tui, iliki na hamira, ambao pwani huumuka wakati mpishi anapiga gumzo barazani, huko hulala usiku kucha juu ya meza bila ya kujigusa. Dawa yake ni kuufunika na kuutia katika oveni iliyozimwa, huku taa ya ndani ya oveni ikiwaka, kwani vuguvugu la taa hiyo linatosha. Mahindi ya huko mengi ni ya njano, na unga wa Kimeksiko, ingawa ni mweupe na wa kupendeza, umetokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, basi hausongeki ukawa sima ya kuridhisha. Kinyume chake sukuma wiki haina taabu, maana ni jamii moja na majani ambayo Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini wameyapika tangu zamani, na kila duka kubwa huyauza.

Tena mpishi mwenye insafu hataishia kutafuta vya kwao tu. Waojibwe, wenyeji wa asili wa maziwa hayo, kila mwisho wa Agosti na Septemba huingia majini kwa mitumbwi, mmoja akisukuma kwa upondo na mwingine akiyainamisha mabua na kuyapiga kwa vijiti viwili punje zianguke mtumbwini. Hiyo ndiyo manoomin, nafaka nyeusi ndefu ambayo supu yake ni chakula cha baridi cha jimbo zima, nami nimeila kwa tui badala ya maziwa nikaiona haina kasoro. Wazao wa Wanorwei na Waswidi nao, katika karamu za makanisa yao za wakati wa baridi, hula lutefisk, samaki mkavu aliyerowekwa katika maji ya magadi makali kisha katika maji safi hata akawa laini kama uteute. Mla ng’onda wa Pemba ataifahamu nia ya mapishi hayo. Juu ya utamu wake sitoi hukumu.

Jambo la mabomba nalo ni la jikoni, kwa sababu wajenzi hupenda kuliweka sinki chini ya dirisha, na maana yake bomba limepita katika ukuta wa nje. Maji yakiganda huongezeka ujazo wake kwa asilimia tisa hivi, na shaba haivumilii. Siku barafu itakapoyeyuka ndipo mwenye nyumba atakapozijua nyufa. Usiku wa zamhariri, basi, milango ya kabati la chini ya sinki huachwa wazi ili joto la chumba liingie, na mfereji huachwa ukitiririka uzi mwembamba wa maji. Na mfereji wa nje, ule wa bustani, mpira wake huvuliwa kabla ya Novemba. Wanaosafiri kwenda kwao Desemba wasizime tanuri kwa kubana matumizi: themostati isishuke chini ya nyuzi 13. Na samli iliyobaki katika sufuria ya biriani haimwagwi katika sinki hata kwa maji ya moto, maana haifiki mbali kabla ya kuganda tena. Huachwa ikagandia sufuriani, ikakwanguliwa na kutupwa.

Gereji wakati wa baridi huwa jokofu la bure, na baada ya harusi au akika utakuta humo masufuria ya wali yamepangwa sakafuni. Desturi hii ina hatari kuliko inavyodhaniwa, kwani gari lililorudi lina injini ya moto, na mchana wa jua gereji hupanda juu ya nyuzi 4, ambazo ndizo mpaka wa usalama wa chakula kilichopikwa. Nyama igandishwe ndani.

Juu ya paa sina mengi. Joto likivuja kutoka vyumbani hadi darini, huyeyusha theluji ya juu. Maji huteremka hadi pembeni, kwenye mlizamu ulio baridi, yakaganda na kujenga kizuizi, na maji yafuatayo, kwa kukosa njia, hurudi chini ya vigae na kuingia ndani. Watu hulinunulia paa reki ndefu ya kuvutia theluji, na ni vyema. Lakini ugonjwa uko darini, na tiba yake ni kuziba matundu na kuongeza pamba ya kioo.

Theluji ya chini ina sheria yake. Mji wa Minneapolis humpa mwenye nyumba saa 24 tangu theluji kukoma awe amesafisha njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake, na asiyefanya huweza kusafishiwa na mji kisha akaletewa hesabu. Mji ukitangaza hali ya dharura ya theluji, magari huhamishwa kwa utaratibu wa siku tatu, barabara kuu kwanza, kisha upande wa namba shufwa, kisha wa witri. Na karamu zetu, ambazo huanza kwa kuchelewa na kwisha usiku wa manane, zimekwisha kuwagharimu wageni wengi magari yaliyokokotwa. Ni juu ya mwenye karamu kuwaonya wageni wake, kama ambavyo ni juu yake kuwapa chakula. Na kwa kazi hii ya beleshi ujirani huzaliwa upesi kuliko kwa salamu: mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akipunga mkono tu, hupitisha mashine yake ya theluji mbele ya nyumba ya mgeni bila ya kuombwa, na jioni mtoto hutumwa kwake na sahani ya sambusa iliyofunikwa. Huyo hatakosa kusema sambusa hizo zina pilipili, wala hatakosa kuzila.

Fedha za haya yote ni mlango mpana. Wengi hununua kwa mkopo wa miaka 30. Waislamu wanaojihadhari na riba hutafuta taasisi zinazouza kwa murabaha au kwa ushirika unaopungua kidogo kidogo, nazo zipo, ingawa masharti yake yanahitaji kusomwa na mtu mwenye elimu ya pande zote mbili. Lakini mkopo hujulikana kila mwezi ni kiasi gani. Gesi ya Januari haijulikani. Jimbo lina kanuni ya hali ya baridi, ambayo kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili humlinda asikatiwe joto yule aliyefanya mapatano ya kulipa na kampuni yake na kuyatimiza. Ulinzi huo haufuti deni, na anayekaa kimya bila ya kufanya mapatano haupati.

Kwa hiyo nawaomba ndugu wanaokusudia kununua katika miezi ijayo, wakati theluji imekwisha yeyuka na dalali ana tabasamu, wamtake muuzaji awaonyeshe bili za gesi za Januari na Februari zilizopita. Wapande darini kwa tochi waitazame pamba na misumari. Waipe feni ya jiko mtihani wa mlango wa nje. Na kama feni haitoi kitu nje, gharama ya kuielekeza nje waikate katika bei kabla ya kutia saini, kwa kuwa baada ya hapo italipwa na wao wenyewe.